Kufukia

Mtu huzikwa. Mbwa hufukiwa.
Bi Somoe alinisahihisha pale mlangoni
kwa upole, kama mtu anayekutoa uzi begani,
akaniachia bakuli la mbaazi
akaenda zake.

Nikabaki na mzoga
(hilo nalo neno, maana maiti si lake)
kwenye turubai la kuanikia korosho,
nikifikiri la kufanya.

Miaka kumi na minne.
Jina alimpa Damasi, mwaka ule wa ugomvi wa mpaka:
mikorosho mitatu, yetu au ya Mzee Nambole,
hadi leo baraza la kata halijatamka.
Akamwita Mtasema.
Kila jioni anasimama uani, anaita kwa sauti ya kuvuka ua:
Mtasema! Mtasema weee!
Na upande wa pili mlango unafungwa kwa kishindo.
Damasi alipokufa nikarithi mbwa na matusi yake.
Niliita vilevile. Mbwa hakujua jina lingine.

Sasa nimkumbuke kwa lipi?
Kandidi, mjukuu wangu, anayo picha kwenye simu:
mkia, na kivuli changu nimeshika ndoo.
Anasema ataikuza, ataitia fremu Masasi.
Mkia ndani ya fremu.

Nikaenda kwa Likuta anayechonga, hapo chini tu.
Nilimkuta anampiga msasa shetani wa jicho moja
wa mteja wa Dar ambaye hajalipa.
Mbwa? akasema. Mbwa namuweza.
Mpingo umeadimika, ila kipande kipo.
Akailamba penseli.
Lile sikio lililokatika,
la kulia au la kushoto?

Nikafungua mdomo.

Najua alivyonuka msimu wa kupuliza salfa,
akirudi shambani wa manjano mpaka kope,
akipiga chafya kama mzee wa ugoro.
Najua siku aliyokula mabibo yaliyochacha
akapita mbele ya kanisa anayumba,
Jumapili, watu ndio wanatoka.
Najua mwaka huu wa mwisho, macho yamefunga ukungu,
alivyoibwekea ndoo akidhani mgeni,
kisha akaona haya, akajifanya anajikuna.
Sikio sikulijua.
Nikamwambia Likuta nitarudi.

Nyumbani nikamkuta Mzee Nambole.
Hajakanyaga uani petu tangu Damasi yu hai.
Ameshika jembe, na chepeo begani.
Kwa jua hili, akasema, hafiki kesho.
Nikamuuliza, sijui kwa nini yeye:
Sikio lipi?

La kushoto. Wala hakufikiri.
Kisha akalitazama jembe.
Ni mimi. Kwa panga. Usiku ule wa mihogo.
Nilidhani ni nguruwe…
Akanyamaza.
Hapana. Nilijua ni yeye.

Tulimvingirisha kwenye gunia la chama, lenye namba yangu.
Tukachimba mpakani, penye mkorosho wa kati.
Alichagua yeye. Nami sikubisha.
Kwa kina cha magoti nilisema yatosha,
yeye akaendelea mpaka kiunoni,
anahema, shati limemganda mgongoni,
mzee wa miaka sabini na kitu.
Nikammiminia ndoo nzima anawe,
maji ya kununua, huku kwetu Kitangari,
na hakuna aliyesema pole, wala asante.

Kwa Likuta sikurudi.
Picha nimemwachia Kandidi.
Jioni miguu bado inanipeleka uani,
navuta pumzi, jina linafika kwenye meno,
nalimeza. Upande wa pili kimya.
Siku nyingine nahisi kuna mtu kule
amesimama, anangoja nilitamke.

Juzi gengeni walimuuliza Nambole
mbona siku ya mnada hakuonekana.
Akasema, huku anahesabu chenji,
Siku ile tulikuwa tunamzika Mtasema.

Bi Somoe alikuwepo, anachagua dagaa.
Akainua macho, akanitazama.
Akaendelea kuchagua dagaa.